SOMO LA MUZIKI: TARUMBETA KATIKA NYUMBA YA NGOMA



Katika korali yetu mabishano hayaishi. Wamoja wanasema ngoma ni mambo ya kipagani, heri tuiache. Wengine wanasema tukitia gita ya umeme katika nyimbo za wazee tutaziharibu. Mimi naona wote wanakosa, na nitawaonyesha kwa disiki moja ya mwaka 1973, jina lake "Introducing Hedzoleh Soundz".

Mupiga tarumbeta ni Hugh Masekela. Alizaliwa mwaka 1939 kule Witbank, Afrika ya Kusini, akafa mwaka 2018. Alisoma shule ya misioni kama sisi, na padri wa Anglikana, Trevor Huddleston, ndiye alimupatia tarumbeta ya kwanza. Mwaka 1960 polisi waliua watu Sharpeville; yeye akatoka inchini, akasoma muziki London, kisha New York. Mwaka 1968 wimbo wake "Grazing in the Grass" ulifika namba ya kwanza Marekani. Mutu wa namna ile angekaa tu kula jasho lake, sivyo? Lakini kwao ubaguzi wa rangi ulimufungia mulango mpaka mwaka 1990. Basi akakuja Afrika ya Magharibi kutafuta muziki. Kule Lagos, Fela Kuti akamujulisha kundi la vijana wa Ghana, Hedzoleh Soundz. Katika luga ya Ga, hedzoleh ni uhuru.

Sasa musikilize vizuri. Nyimbo nyingi za ile disiki haziko zake. Ni za wale vijana, walikuwa nazo mbele yeye afike, na wanaziimba kwa luga za kwao. Ngoma ziko mingi. Moja ni ile inayosema: mupigaji anabana kamba zake chini ya mukono, sauti inapanda ao inashuka kama maneno ya mutu. Pamoja nazo kuna gita ya umeme, besi na filimbi. Na tarumbeta? Inafanya kazi ya muimbishaji wetu: inaita, wengine wanaitika, halafu inanyamaza. Masekela alikuwa na masomo makubwa ya jazi, angeweza kujaza kila nafasi. Hakufanya vile. Alikaa kama mugeni aliyepewa kiti, na ngoma ikabaki mwenye nyumba.

(Mwaka 1984 alitengeneza "Techno-Bush" kule Botswana. Watu wengi waliicheza, lakini kwangu mimi mashine zinapita ngoma.)

Tena haiko habari ya mbali. Mwezi wa 9 mwaka 1974, yeye na mwenzake Stewart Levine walitengeneza ile sikukuu ya muziki ya siku tatu Kinshasa, kwa ajili ya mupigano wa Ali na Foreman. James Brown na Franco walipiga katika uwanja mumoja.

Kwa korali naomba hivi, siku ya mazoezi: ngoma ianze peke yake mpaka miguu ya watu iitike. Kisha gita iingie polepole. Ngoma ikibadili mwendo sababu ya gita, tusimame, tuanze tena.