Tuwapeleke watoto sokoni wakaione mizani

Watoto wa madrasa zetu hapa Amani na mitaa ya jirani wanaihifadhi Surat Mutaffifin mapema, kwa kuwa imo katika Juzuu Amma. Wanaisoma kwa pamoja na kwa tajwidi nzuri, masha-Allah. Lakini ndugu msomaji, hebu waulize hao hao, kupunja kipimo ni kufanya nini hasa? Kibaba kikoje? Pishi ina vibaba vingapi? Wengi watakutazama tu. Sura wameihifadhi, ila jambo linalozungumzwa hawajapata kuliona kwa macho, kwani mchele wa nyumbani umekuja ndani ya mfuko na mbatata kaleta baba usiku wao wamelala.

Kwa maoni yangu dawa haiko mbali. Kutoka Amani hadi soko la Mwanakwerekwe si safari ya kuagana. Anayetaka Darajani, ambako jengo la soko limesimama tangu 1904, ni daladala moja tu. Mchukue mtoto wako wa miaka sita au saba, mshike mkono, mpe na yeye kikapu kidogo abebe.

Najua wapo watakaosema: Mwalimu, si imepokewa katika Sahih Muslim kuwa mahali Allah (s.w.) anapopapenda zaidi ni misikitini na anapopachukia zaidi ni masokoni? Ni kweli imepokewa. Wanavyuoni wakaeleza kuwa sababu ni yale yanayotendeka humo, ghushi, viapo vya uongo na kughafilika na kumkumbuka Allah. Haina maana kuwa kuingia sokoni ni haramu. Waliolifanya soko kuwa aibu ni makafiri wa Makka, waliomkebehi Mtume (s.a.w.) kuwa ni Mtume gani huyu anayekula chakula na kutembea masokoni. Surat Furqan ikawajibu kuwa Mitume waliotangulia nao walikuwa hivyo hivyo. Na Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina akiwa hana kitu, alikataa kugawiwa nusu ya mali ya ndugu yake wa Kiansari, akaomba aonyeshwe soko tu. Alianza na maziwa makavu na samli.

Zaidi ya hayo, jambo hili limo katika fiqhi yetu. Qur'an katika Surat Nisaa imeamrisha mayatima wajaribiwe kabla ya kukabidhiwa mali zao. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu mashuhuri kwa sisi watu wa madhehebu ya Shafi, akaeleza namna ya kujaribu: mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei, na mtoto wa mkulima kwa kilimo. Tena hujaribiwa zaidi ya mara moja, na kabla hajabaleghe. Kwa kuwa mkataba wa mtoto hausihi, yeye hupatana bei, na wakati wa kufunga mauziano walii wake ndiye hufunga. Basi hiyo ndiyo njia. Mwache mwanao amtolee salamu muuzaji, aulize bei ya fungu la muhogo, aombe kupunguziwa. Mkifikia makubaliano, toa wewe pesa.

Mpitishe penye mafungu ya tungule. Mara nyingine zilizo nzima zimepangwa juu na zilizopondeka ziko chini. Mueleze hapo hapo kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa kimenyewa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Hadithi hii nikiifundisha darasani watoto hupiga miayo. Mbele ya fungu lenyewe haihitaji sherehe ndefu.

Lakini tusiwageukie wauzaji peke yao. Wanunuzi nao wana yao. Mzazi anasimama na mtoto mkononi, anamwambia mkulima aliyetoka alfajiri Donge au Bumbwini kuwa jirani yake kamuuzia kwa nusu ya bei, na hapana jirani aliyemuuzia. Mwengine akishapimiwa anachopoa vitunguu viwili juu ya mizani na kuviita nyongeza. Nyongeza ni halali ukiomba ukapewa, ama kuchukua bila ya ridhaa ya mwenyewe, hiyo si nyongeza. Sura ile ile inawalaumu wanaotaka kutimiziwa wanapopokea na kupunguza wanapotoa. Mtoto anasikia na kuona yote hayo. Aliyoyasoma mwezi mzima yanabomolewa kwa dakika tano, na tena na mtu anayemuamini kuliko mwalimu wake.

Kwenye mchele omba upimiwe kwa kibaba kama kipo, mtoto ahesabu vinne vipate pishi. Ndivyo ilivyo pia kwa saa' na mudd za Madina, mudd nne kwa saa' moja. Akijua hivyo, siku utakapomtolea zakatul-fitri, ambayo wengi huikadiria kilo mbili na nusu, ataelewa kinachotolewa kwa ajili yake.

Masahaba walikuwa wakimpelekea Mtume (s.a.w.) tunda la mwanzo la msimu. Akiliombea baraka, na kuiombea Madina na saa' yake na mudd yake, kisha akimwita mtoto mdogo kuliko wote na kumpa. Maembe na shokishoki zikianza kuingia sokoni, tunalo la kufuata.

Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na siku za kawaida. Wiki ya mwisho ya Ramadhani msongamano ni mkubwa na mtoto hupotea kwa urahisi, siku hizo mwache nyumbani.