Hesabu za Safari ya Pamoja ya Ndege Ndogo

Asubuhi za Jumamosi, kabla jua halijawa kali, wakazi wa Temeke na Mbagala husikia mlio mwembamba wa ndege ndogo zinazoelekea kusini, upande wa Mafia na Kilwa. Wale wa Kinondoni huziona za upande wa pili, zikipita juu ya bahari kuelekea Unguja. Nyingi kati ya hizo hubeba abiria wa kulipa. Lakini zimo chache ambazo rubani wake haendi kazini: amewachukua jamaa zake, anakwenda kula samaki pwani, na jioni atarudi Dar es Salaam.

Desturi ya marubani kukubaliana kuruka siku moja, kila mmoja na ndege yake, wakakutane kiwanja kimoja kwa chakula na mazungumzo, ni ya zamani. Katika sehemu zetu hizi chama cha Aero Club of East Africa kiliundwa Nairobi mwaka 1927, na makao yake yapo hadi leo katika kiwanja cha Wilson. Huko Marekani mkutano ulioanza mwaka 1953 mjini Milwaukee, ukahamia Oshkosh mwaka 1970, huvuta kila Julai ndege zaidi ya 10,000. Marubani wa huko hutaniana kwamba wameruka kwenda kula mkate wa nyama wa dola mia moja, maana mkate wenyewe ni rahisi, ghali ni petroli.

Mwanasayansi hupendezwa na safari hizi kwa sababu nyingine. Rubani anaporuka peke yake hufanya hesabu zake kwa utulivu. Anapokuwa mmoja wa ndege sita zinazongojana, wenzake wamekwisha washa injini, na watoto wamekwisha fungwa mikanda, huona haya kutoa kalamu na karatasi. Tuifanye basi hesabu hiyo sisi, ndugu msomaji, tuone inasema nini.

Tuchukue ndege ya viti vinne ya aina ya Cessna 172, mojawapo ya ndege zilizotengenezwa kwa wingi kupita zote duniani. Ile ya miaka ya 1970 hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 1,043. Ikiwa tupu ina yapata kilo 650. Zinabaki kilo 393 za watu, mizigo na mafuta. Watu wazima wanne wa kilo 75 kila mmoja ni kilo 300. Zimebaki 93.

Sasa mafuta. Kutoka Kipawa hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 230 kwa mstari ulionyooka. Ndege hii huenda kilomita 200 kwa saa, na hutumia takriban lita 32 kwa saa. Kwenda na kurudi, hewa ikiwa tulivu, ni saa 2 na dakika 18. Lakini hewa ya pwani yetu si tulivu. Tuseme ni mwezi wa Juni, kusi inavuma, nayo inaipinga ndege kwa kilomita 40 kwa saa. Wakati wa kwenda, mwendo juu ya ardhi ni kilomita 160 kwa saa, na safari inachukua saa 1 na dakika 26. Wakati wa kurudi mwendo ni 240, dakika 58. Jumla ni saa 2 na dakika 24. Wengi hudhani kwamba upepo uliokuchelewesha asubuhi utakulipa deni lote jioni. Haulipi lote, kwa sababu ulikuchelewesha kwa muda mrefu kuliko ule utakaokusaidia. Kadiri upepo ulivyo mkali ndivyo deni linavyokuwa kubwa.

Kwa hiyo tunahitaji lita 77 za njiani, lita 24 za akiba ya dakika 45, na lita 10 za kupasha injini moto, kutembea kiwanjani na kupanda juu. Jumla ni lita 111. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa kilo 0.72, hivyo hizo ni kilo 80. Toa katika zile 93. Mizigo ya watu wanne, pamoja na maji ya kunywa na kapu la chakula, isizidi kilo 13.

Kilo 13 ni nusu ya kile ambacho familia ya watu wanne huchukua ikienda kulala usiku mmoja Bagamoyo. Na tumekwisha sema kwamba kila mtu ana kilo 75, jambo ambalo mizani huenda isilithibitishe. Ndiyo maana rubani mwangalifu huwapima abiria wake waziwazi, pamoja na mikoba yao, wala asiwaulize tu uzito wao. Kwa petroli inayopatikana Kilwa hatuna budi kuhesabu kwamba haipo. Ndege kubwa kidogo za abiria siku hizi hutumia mafuta ya taa ya ndege, na petroli maalumu inayohitajiwa na injini hizi ndogo ni adimu katika viwanja vingi vya mikoani.

Petroli hiyo hutiwa rangi ya buluu, na rangi hiyo ina faida nyingine. Usiku, hewa yenye unyevu wa pwani inapopoa ndani ya tangi lililojaa nusu, mvuke hugeuka matone ya maji. Maji ni mazito kuliko petroli, huzama chini, na chini ndiko injini inakovuta. Kila asubuhi rubani hufungua kizibo kidogo chini ya bawa na kukinga kiasi katika chupa ya kioo. Maji yakiwamo, utaona utepe mweupe chini na buluu juu, na mpaka ulio wazi kati yake. Lakini kuna hila moja: chupa ikijaa maji matupu hakuna mpaka wowote wa kuonekana, na mtu mwenye haraka huona chupa safi akaridhika. Lazima aitazame rangi yenyewe, kisha ainuse.

Tuje kwenye hewa inayoibeba ndege. Aliyewahi kutoa mkono nje ya dirisha la basi, jambo tusilolishauri, anajua kwamba kiganja kikiinuliwa kidogo mbele, hewa hukisukuma juu. Bawa nalo huisukuma hewa chini, na hewa hulijibu kwa kulisukuma juu. Nguvu hiyo hutegemea mwendo wa ndege, na hutegemea pia wingi wa hewa katika kila mita ya ujazo. Hewa ikipata joto hutanuka, ikawa nyepesi. Bawa hupata kidogo cha kusukuma, rafadha hupata kidogo cha kukamata, na injini huvuta oksijeni pungufu. Mambo matatu huharibika kwa pamoja.

Marubani, ambao hupima kimo kwa futi, wana kanuni rahisi. Hewa ya kawaida usawa wa bahari huhesabiwa kuwa na nyuzi 15 za Sentigredi, ikipungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kila nyuzi 1 inayozidi kipimo hicho huongeza kama futi 120. Kiwanja cha Arusha kiko futi 4,550, ambako kipimo ni nyuzi 6. Mchana wenye nyuzi 28 umezidi kwa 22. Zidisha kwa 120, upate 2,640, ujumlishe na 4,550. Ndege itajiona iko karibu futi 7,200, penye hewa pungufu kwa asilimia 19 kuliko ile ya kawaida ya usawa wa bahari. Dar es Salaam kwenyewe, mchana wa Februari wenye nyuzi 32, ndege hujiona iko futi 2,200 ingawa magurudumu yake yamekanyaga ardhi isiyofika futi 200.

Mtu wa Dar es Salaam aliyezoea kuinuka upesi alfajiri anaweza kwenda Arusha au Mikumi, akala vizuri, akataka kuondoka saa nane mchana na watu walewale, akashangaa miti ya mwisho wa kiwanja inamjia naye bado yuko chini. Ndege haina kasoro yoyote. Hewa ndiyo iliyopungua.

Upepo nao una sehemu yake katika kutua. Njia kuu ya kurukia ya Dar es Salaam, yenye urefu wa mita 3,000, imelazwa kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Kaskazi huvuma karibu sambamba nayo. Kusi huikata ubavuni. Ndege kubwa haijali sana, lakini Cessna tuliyoitaja ilithibitishwa na watengenezaji wake katika upepo wa ubavuni wa kilomita 28 kwa saa tu. Hilo si jambo geni kwa nahodha wa jahazi, ambaye babu zake walipanga mwaka mzima kwa kufuata pepo hizo mbili.

Kuhusu ndege nyingi kufika pamoja katika kiwanja kisicho na mnara, kanuni ni kuzunguka kwa upande mmoja, kwa kawaida kushoto, katika kimo kimoja, kila rubani akitaja redioni mahali alipo. Anayekata njia ili awahi meza humweka hatarini yule asiyemwona.

Na kuna ndege wenye manyoya. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, aliuawa ndege yake iliyopakwa milia ya punda milia ilipoanguka baada ya kugongana na tai mzoga. Amezikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Tai wa kilo 8 akigongwa na ndege inayokwenda mita 50 kwa sekunde, nishati ya pigo ni jouli 10,000, karibu sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioangushwa kutoka kimo cha mita 20. Mwewe na kunguru wanaozunguka majalala ya jiji letu ni wepesi zaidi, lakini ni wengi zaidi.

Hatari ya mwisho ni ya jioni, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Katikati ya Juni jua hutua Dar es Salaam saa 12 na robo. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta jua huteremka karibu wima, hivyo utusitusi haudumu, na baada ya dakika 20 hivi giza huwa limeingia. Anayeondoka Kilwa saa 11 kamili hufika saa 12 kasoro dakika mbili, mwanga ukiwapo. Pweza akichelewa jikoni nusu saa, huyo rubani atafika dakika 13 baada ya machweo, akiitafuta njia ya kurukia kati ya maelfu ya taa za Mbagala na Temeke. Akibadili shauri katikati ya safari, nyuma yake hakuna kiwanja chenye taa.

Kila mmoja mezani anaijua hesabu hiyo. Anayepaswa kuitamka ni nani, ikiwa mwenyeji ndiyo kwanza anapakua, na wengine watano wanasema upo muda? Vikundi vyenye busara hukubaliana tangu asubuhi saa ya kuondoka, na hukubaliana pia kwamba anayesema analala haulizwi sababu. Huyo huigeuza ndege yake ikabili upepo, huifunga kamba mabawa yote mawili na mkia, kisha hupiga simu Dar es Salaam kuwaarifu waongozaji wa ndege kwamba haji. Simu hiyo isisahauliwe. Ndege iliyotoa taarifa ya safari ikichelewa nusu saa kupita wakati iliotarajiwa, huanza kuulizwa kiwanja kwa kiwanja, na baadaye hutumwa watu kuitafuta usiku, hali rubani wake amelala Kilwa.