Moyo wa Kima: Ngano ya Panchatantra na Ufundishaji Wake Katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Hadithi za kubuni za watoto zenye chimbuko katika mapokeo ya Kihindu mara nyingi huchukuliwa kuwa ngeni kwa mtoto wa Kitanzania. Makala haya yanadai kuwa baadhi yake zimo katika fasihi simulizi ya Kiswahili tangu zamani. Mfano unaochunguzwa ni ngano ya kima na papa, iliyomo katika kisa cha punda wa dobi ambacho mmisionari Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine za Zanzibar. Swali la msingi ni hili: mwalimu wa Ngara au Biharamulo abadili nini, na asiguse nini, anapoisimulia ngano hiyo?

2.0 Safari ya Ngano

Katika Panchatantra ya Kisanskriti, kima Raktamukha anaishi juu ya mzambarau na kufanya urafiki na Karalamukha, ambaye ni makara. Makara ni mnyama wa majini wa visasili vya Kihindu, aliye kipando cha mungu wa kike Ganga na cha Varuna, mungu wa maji. Mke wa makara anautamani moyo wa kima. Kima anajiokoa kwa kudai kuwa ameuacha moyo wake mtini.

Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kipahlavi zama za mfalme Khosrow wa Kwanza (531–579), kisha katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna. Humo makara amekuwa kobe, na mzambarau umekuwa mtini. Katika matini ya Zanzibar mti ni mkuyu, ambao ni jamaa ya mtini. Hiyo ni dalili ya njia ya Kiarabu, ingawa si ithibati kamili, kwani mkuyu umo pia katika Jataka za Kibuddha. Aidha, fanani wa Zanzibar hakumfuata kobe. Alimrudisha mnyama wa kutisha, yaani papa. Badala ya mke mwenye tamaa akamweka sultani mgonjwa, na nafasi ya mbweha akampa sungura, bingwa wa hila katika ngano za Afrika Mashariki.

3.0 Mtoto wa Ngara na Biharamulo

Wilaya hizi ziko mbali na bahari. Mtoto huweza kuanza na Kihangaza au Kishubi huko Ngara, au Kizinza huko Biharamulo, na hukutana na papa kwa mara ya kwanza kitabuni. Kumweka mamba badala ya papa hakuiharibu ngano. Mto Ruvubu unakutana na Kagera karibu na Rusumo, hivyo mtoto ana mto wa kuufikiria; tena mamba yu karibu zaidi na makara wa asili kuliko papa.

Neno *moyo* lina ugumu wake. Katika Kiswahili, kumwambia mtu kuwa hana moyo huelekea zaidi kwenye woga au uchoyo. Punda wa dobi hakukosa ushujaa: alimponyoka simba, akadanganywa, akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio, kisha akamwambia simba kuwa punda hakuwa navyo, kwani angekuwa navyo asingerudi. Hapa moyo ni makao ya fahamu, na masikio ni njia ya kupokea onyo. Mwalimu asipoifafanua maana hiyo, mtoto atacheka bila kuelewa. Kirundi, kilicho jamaa ya karibu ya Kihangaza, kina *umutima*, ambalo ni ndugu wa neno la kale la Kiswahili *mtima*. Neno hilo laweza kuwa daraja la kufafanulia.

4.0 Hitimisho

Mzazi Mkristo au Mwislamu aweza kuhofia kuwa ngano hii inaleta ibada ngeni. Hofu hiyo haina msingi katika matini: miungu haimo, na kilichobaki ni hekima ya kujiokoa kwa maneno. Mti, mnyama wa majini na mgonjwa vimebadilika katika kila nchi. Moyo ulioachwa mtini na masikio ya punda havikubadilika. Mwandishi wa vitabu vya shule ana uhuru katika vile vya kwanza. Akivifuta hivi vya pili, atakuwa ameifuta ngano yenyewe.