Eli Alitazama Midomo Tu
Somo: 1 Samweli 1:9-18

Fungua Biblia yako hapo kwanza, sitaki kukusimulia kila kitu. Hana anaomba, midomo inacheza, sauti haitoki. Kuhani Eli ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Anatazama, kisha anakata shauri: huyu mama amelewa. Hakumuuliza kwanza ana shida gani.

Mimi pia nimekuwa Eli. Mwaka juzi washirika wawili walinijia baada ya ibada kuhusu mama mmoja ambaye akiomba analia kwa sauti, anatembea huku na huku, ananena kwa lugha hata baada ya wengine kutoka. "Pasta, huyu mama ako sawa kweli?" Nikapanga siku ya kumwona, nikamuuliza maswali mengi. Kumbe mama wa watu analala vizuri, kila asubuhi yuko sokoni na mboga zake, watoto wanaenda shule, na kwa chama hajawahi kukosa kulipa.

Wiki zizo hizo kulikuwa na ndugu mmoja mtulivu sana. Shati imepigwa pasi, anafika mapema, hana kelele. Akaniambia mlangoni, "Pasta, nimechoka." Nikamshika bega, nikampa mstari wa kumtia moyo, nikageukia aliyefuata kwenye foleni. Sikujua kwamba kwa wiki tatu alikuwa halali. Kazini alishaonywa. Tena alikuwa ameanza kugawa vitu vyake, leo viatu, kesho redio. Dada yake ndiye aliyeona, akampeleka kliniki. Ameniruhusu niandike haya bila jina.

Niliposomea biashara chuoni, hesabu za takwimu zilitufundisha kwamba "kawaida" ni kukaa karibu na wastani. Kwa bidhaa za kiwandani, sawa. Kwa watu inaleta shida. Chukua vipimo vya akili, ambavyo wastani wake ni 100. Walio juu ya 130 ni wachache karibu sawa na walio chini ya 70, lakini sijaona mzazi akimkimbiza mtoto hospitali kwa sababu amepata 135! Kuwa wachache si ugonjwa.

Ndiyo maana wanasaikolojia hawaishii hapo. Wanafunzi wao hufundishwa kuangalia mambo manne: je, tabia hii iko mbali na desturi za watu wake? Inamtesa mwenyewe? Inamzuia kuendesha maisha, yaani kazi, usingizi, chakula, ndoa? Kuna hatari kwake au kwa wengine? Hakuna moja linalotosha peke yake. Daudi mbele ya Akishi (1 Samweli 21) alikwaruza milango na kuacha mate yatiririke ndevuni. Kwa macho, wazimu mtupu. Ndani alikuwa anapiga hesabu ya kutoka Gathi akiwa hai.

Hata kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hutumia kupima magonjwa haya kinawaonya waangalie imani na utamaduni wa mtu. Mtu kusema amesikia sauti ya Mungu, mahali ambapo waumini wenzake wanaelewa jambo hilo, si ugonjwa kwa hilo pekee. Kulia kwa kufiwa pia, hivyo hivyo. Lakini huzuni au kukosa hamu ya kila kitu, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili, pamoja na dalili kama kukosa usingizi, kuishiwa nguvu, kujiona hufai au kuwaza kifo, hapo daktari anaanza kufikiria ugonjwa wa sonona. Nimesema daktari. Si mimi, na si jirani yako wa kiti.

Shirika la Afya Duniani nalo, likieleza afya ya akili, haliishii kwenye kutokuwa na ugonjwa. Linazungumzia mtu anayeweza kukabili misukosuko ya kawaida, akafanya kazi na kuchangia kwa jamii yake. Ukipima kwa hiyo, mama wa mboga alikuwa mzima kuliko mimi niliyekuwa nakosa usingizi kwa sababu ya bajeti ya kanisa.

Kuna wapendwa waliomwambia yule ndugu aache dawa ili aonyeshe imani. Tafadhali, acheni. Hao hao wana miwani na dawa za presha. Na mkumbuke kuna sababu watu wananyamaza: sheria yetu ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nani angemwambia pasta wazi? "Nimechoka" ndilo neno alilopata.

Siku hizi mtu akiniambia hivyo namvuta kando. Namuuliza analalaje, kazi inaendaje, na namuuliza waziwazi kama amewaza kufa. Akisema ndiyo, simwachi peke yake. Tunaenda hospitali siku hiyo hiyo, na maombi tunayafanya njiani.

Rudi kwa Hana, mstari wa 18. Baada ya Eli kumsikiliza, mama huyu alienda zake, akala chakula. Sikuwa nimewahi kuona hayo maneno ya chakula. Yule ndugu yetu, siku ile mlangoni, sikumuuliza kama amekula.