Mruko wa Ghafla: Nguvu Inatoka Wapi?



Ndugu msomaji, chukua kipande cha chaki usimame kando ya ukuta. Chuchumaa nusu, tulia ukihesabu mpaka tatu, kisha ruka uweke alama. Pumzika. Sasa simama wima, shuka upesi na uruke papo hapo. Kwa watu wengi alama ya pili huipita ya kwanza kwa sentimita kadhaa, na miguu ni ile ile.

Sababu kubwa ni muda. Misuli haifikii nguvu yake yote mara moja. Huhitaji kama theluthi ya sekunde, pengine zaidi. Ukishuka upesi, misuli ya mapaja hukaza ili kukuzuia usianguke, kwa hiyo unapoanza kupanda nguvu imekwisha kujaa. Aliyetulia chini huanza kupanda akiwa bado anajikusanya.

Kisha kuna kano. Ile ya kisigino huvutika na kurudi kama mpira wa manati. Ukichelewa chini, nguvu iliyowekwa humo hupotea kuwa joto. Tena ndani ya misuli mna vipokezi vinavyohisi mvuto wa ghafla. Habari hufika kwenye uti wa mgongo na amri ya kukaza hurudi bila kuungoja ubongo, yote chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sisi wa Burundi tumeyaona haya tangu utotoni. Mtazame mpiga ngoma, katika ile ngoma ya kifalme iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha yake mwaka 2014. Anapotua hakai chini. Magoti yanakunjika kidogo tu, mara yuko juu tena. Kocha Yuri Verkhoshansky wa Urusi ya Kisovieti aliijengea kanuni hiyo mazoezi katika miaka ya 1960: mwanariadha anashuka kutoka mahali pa juu, anagusa ardhi, anaruka mara moja. Leo tunayaita pliometriki.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipoanza voliboli nilidhani ukuta mrefu zaidi utanipa mruko mkubwa zaidi. Kila jioni baada ya Alasiri nilikuwa naruka kutoka ukuta wa kifuani kwangu, juu ya saruji, mara sitini. Wiki ya tatu kisigino kiliuma hata kusujudu na kuinuka kukawa shida, nikaswali kwenye kiti kama mzee. Madrasani tulifundishwa kwamba mwili una haki zake. Mimi nilikuwa nauchukulia kama punda wa kukodi.

Kosa lilikuwa wazi. Kutoka juu mno nilitua kwa kishindo, nikazama, nikakaa chini muda mrefu. Faida ya mvuto ilipotea, kano ikabaki na mzigo. Sasa naanzia kwenye ngazi ya sentimita thelathini, juu ya majani au mchanga mgumu, miruko minane kwa seti, seti tatu, na dakika mbili za kupumzika katikati, kwa sababu akiba ya nishati ya haraka katika misuli huisha ndani ya sekunde chache. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Visigino vikianza kupiga kelele wakati wa kutua, seti imekwisha, hata kama hesabu haijatimia.

Katika Ramadhani mimi huyaweka baada ya Tarawehe, nikiwa nimekwisha kunywa maji.