Somo la Wafanyakazi: Msitu na Mshahara Wetu



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, likizo na nyumba za kambini. Leo tutazungumza juu ya msitu. Wengine watauliza: sisi wakata miwa na wachuma chai tuna habari gani na msitu? Tunaomba msome mpaka mwisho. Tunataka kuonyesha kwamba msitu unatulipa sehemu ya mshahara wetu kila mwezi, ingawa sehemu hiyo haiandikwi kwenye karatasi yoyote. Asiyejua kuihesabu hatajua siku itakapopotea.

Tunachukua mfano wa msitu wa Mabira huku Uganda, kwa sababu wengi wetu tunaishi karibu nao.

1. Msitu wenyewe

Mabira una ukubwa wa kilomita za mraba 300 hivi, katika wilaya za Buikwe, Mukono na Kayunga. Barabara kuu ya kutoka Kampala kwenda Jinja inapita ndani yake. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Kandokando yake yapo mashamba makubwa ya miwa na ya chai, na ndani yake vipo vijiji. Watu wa huku ni mchanganyiko. Wazee wetu wengi walikuja kutafuta kazi ya mashamba kutoka Rwanda, Burundi, Kongo na West Nile, na ndiyo sababu Kiswahili kinasikika kambini mpaka leo.

2. Tunachopata humo

Kwanza ni kuni. Karibu kila chungu kinachopikwa kambini na vijijini kinapikwa kwa kuni au makaa.

Pili ni dawa. Magome, mizizi na majani hutumiwa kwa kikohozi, tumbo na homa, hasa na wale walio mbali na zahanati au wasio na pesa ya kununua dawa.

Tatu ni chakula: uyoga wakati wa mvua, matunda, asali na mboga za porini.

Nne ni vifaa vya kazi: nguzo na fito za kujengea, kamba, mipini ya majembe, majani ya kufungia chakula, na zile fito za mtambaazi mgumu ambazo mafundi husukia viti na vikapu.

Tano ni maji. Vijito vinavyotoka msituni vinanywesha watu na ng’ombe, na mashamba ya bwana mkubwa pia.

3. Tupige hesabu

Haba na haba hujaza kibaba. Tuseme mzigo mmoja wa kuni sokoni ni shilingi 5,000, na nyumba moja inatumia mizigo miwili kwa wiki. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa wiki, yaani 40,000 kwa wiki nne. Hapo hatujahesabu dawa, uyoga wala nguzo. Kila mmoja aweke bei ya kwao aone atapata ngapi.

Sasa linganisheni. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali ya Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hesabu yetu, shilingi hizo 6,000 hazifikishi hata mizigo miwili ya kuni.

Angalieni jambo lingine. Kiwanda cha chai hukausha majani kwa moto wa kuni. Kiwanda kikinunua kuni, karani anaandika gharama kwenye kitabu. Kikipanda mikaratusi yake, anaandika mishahara ya wapandaji. Lakini mama akitembea saa mbili kuleta kuni za kumpikia mchumaji wa chai hiyohiyo, hakuna anayeandika. Kazi ni kazi. Mwajiri analipa mshahara mdogo, na mfanyakazi anaendelea kuishi kwa sababu mama na msitu wanajazia.

4. Siku ya shida

Tunakumbuka shamba moja ambako mishahara ilichelewa miezi miwili. Duka likakataa kukopesha. Viongozi wa tawi tulipopita nyumba kwa nyumba tulikuta watu wanakula. Tukauliza wanapata wapi. Mama mmoja akatuonyesha kikapu cha uyoga na fungu la kuni za kuuza barabarani. Tulikuwa tumekuja kuwafundisha umoja, na wao wakatufundisha namna walivyotuwezesha kusimama imara miezi miwili yote. Bila msitu, madai yetu yangevunjwa na njaa katika wiki ya pili.

5. Kula bila kuua

Ndugu, tuseme kweli: hata sisi tunaharibu. Upo mti unaoitwa mukuzanume, ambao gome lake ni dawa ya kikohozi inayotafutwa sana. Anayebandua gome kidogo upande mmoja anauacha mti ukiwa hai. Anayelibandua kuzunguka shina lote, ili ajaze gunia la kuuza mjini, ameuua. Mwakani hana dawa wala gunia.

Waganda wana mfano bora katika mti wa mutuba, unaotoa kitambaa cha gome. Fundi hubandua gome kwa uangalifu wakati wa mvua, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote. Mti mmoja hutoa kitambaa kwa miaka mingi. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mutuba hupandwa shambani, lakini fundisho lake linafaa msituni.

Makaa nayo ni tatizo. Anayekata mti mbichi kwa makaa ya kuuza mjini anauza posho ya mwaka ujao kwa bei ya leo, na faida kubwa inakwenda kwa mwenye lori.

6. Haki yetu katika sheria

Wengi hukimbia wanapomwona askari wa msitu, hata wakiwa na mzigo wa halali. Jueni kwamba Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya Uganda ya mwaka 2003 inamruhusu mwananchi wa jirani kuchukua kuni kavu na mianzi bila malipo, kwa matumizi ya nyumbani, kwa kiasi cha kadiri, akifuata mpango wa msitu huo. Kukata mbao au kuchoma makaa ya biashara bila kibali hakumo. Sheria hiyo pia inaruhusu vikundi vya wananchi kufanya mapatano na wakuu wa misitu ili kuutunza na kuutumia msitu pamoja.

7. Kazi au msitu?

Mwaka 2007 ulikuwapo mpango wa kutoa hekta 7,100 hivi za Mabira, karibu robo ya msitu, zipandwe miwa. Wafanyakazi waliambiwa kwamba miwa italeta kazi. Mwezi Aprili watu waliandamana Kampala, na baadhi waliuawa. Mmoja wao alikuwa Mhindi aliyepigwa na kundi la watu kwa sababu ya rangi yake tu. Jambo hilo ni aibu. Mfanyakazi hagombani na rangi ya mtu. Mpango ule uliwekwa kando, ukazungumzwa tena mwaka 2011.

Sisi tunahitaji kazi, wala hatumcheki anayeitafuta. Lakini kazi mpya lazima ihesabiwe yote: mshahara utakaoingia, halafu kuni, dawa, chakula na maji yatakayotoka. Kama kinachotoka ni kikubwa kuliko kinachoingia, tumepunguziwa mshahara huku tukipigiwa ngoma.

8. Kazi ya tawi

Kila tawi lifanye mambo matatu. Liandike vitu vyote ambavyo nyumba kumi za wanachama hupata msituni kwa mwezi mmoja, pamoja na bei ya sokoni, na wanawake ndio watoe hesabu, maana wanaijua. Lidai mwajiri atenge kiwanja cha kupanda miti ya kuni za wafanyakazi. Na orodha ile iletwe kwenye meza siku ya kujadili mishahara.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni vitu gani vya msitu vilivyokuwapo utotoni mwako na leo havipatikani?
2. Nani katika nyumba yako hubeba mzigo wa kutafuta kuni, na kwa saa ngapi?
3. Msitu wa karibu ukifungwa kesho, mshahara wako utatosha siku ngapi?

Umoja ni nguvu.