Kadi ya Uingereza, Makazi Dumila: Mafunzo Niliyopata

Nimerudi kuishi Dumila, pale barabara ya Morogoro–Dodoma inapochepuka kwenda Kilosa, baada ya miaka ya kazi Uingereza. Vyombo vya nyumbani vilikuja kwa meli. Vitabu na muziki niliolipia mtandaoni vilibaki vimefungwa kwenye akaunti ya kule, na kuvihamisha kumenifundisha haya.

1. Duka la mtandaoni linatazama kadi kabla ya mtu. Tarakimu za mwanzo za kadi hutambulisha benki iliyoitoa na nchi yake. Kwa kadi za Uingereza na Marekani, duka huweza pia kulinganisha namba ya nyumba na postikodi uliyoandika na zile zilizoko benki. Ukiandika Dumila wakati benki bado inajua unakaa London, malipo yanaweza kugoma hata kama hela ipo.

2. Usibadili nchi ya akaunti kwa pupa. Hapa ndipo wengi wanaorudi wanapoumia. Google Play inaruhusu kubadili nchi mara moja tu kwa mwaka, na salio la nchi ya zamani halitumiki katika nchi mpya. Apple inataka umalize salio kwanza na usitishe huduma unazolipia kila mwezi. Kadi za zawadi nazo zina mipaka: ndugu yako akikununulia moja Uingereza, haitaingia kwenye akaunti ya Tanzania, na hela yake imeshatoka.

3. Ulicholipia si mali yako kama kitabu cha karatasi. Haki huuzwa nchi kwa nchi, ndiyo maana kitabu kinapatikana London na hapa hakionekani. Mwaka 2009 Amazon ilifuta riwaya ya George Orwell, 1984, kwenye Kindle za watu waliokwisha kuilipia, kwa kuwa aliyeiuza hakuwa na haki nayo. Walirudishiwa hela, lakini kitabu kiliondoka. Pakua vyote unavyoruhusiwa kupakua kabla hujahama.

4. Andika anwani ya kweli, ukishaijulisha benki. Tuna anwani za makazi, na postikodi za mkoa wa Morogoro huanza na 67. Kuazima anwani ya shemeji aliyeko ughaibuni kutakusumbua siku akaunti ikifungwa na ukadaiwa uthibitisho.

5. Simu inatosha kulipia. Kampuni za simu nchini hutoa kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard, nawe unaweka hela ya manunuzi tu. Usishangae kukuta VAT kwenye bei: tangu 2022 wauzaji wa nje wa huduma za mtandaoni wanatakiwa kujisajili Mamlaka ya Mapato (TRA).

Nawaomba wachapishaji wetu: uzeni vitabu vya Kiswahili mtandaoni, mpokee malipo ya simu na kadi za nje pia, ili msomaji wa Dumila na wa Muscat wapate kitabu kilekile.